Judo naenda, ila Jumanne na Alhamisi ni karate

Juzi mwenzangu wa zamani kaniuliza, eti siku hizi umeacha karate uko judo? Nikamwambia hapana ndugu yangu, sijaacha na siachi. Jumanne na Alhamisi jioni niko dojo kama kawaida, mwaka wa 11 huu, Jumamosi ndo naenda judo. Nilipohamia Unguja kikazi nikakuta huku judo imeshika kweli, watoto wadogo kabisa wanaanguka na kuinuka kama hakuna kitu, nikaona nisipojaribu ntakuwa nimejinyima.

Wiki za mwanzo ni kuanguka tu, kidevu kifuani, unapiga mkeka na mkono mzima, unainuka, tena. Ila kilichonifungua macho ni hikite, ule mkono wa kuvuta wa karate. Sisi wa Shotokan, mtindo wangu wa karate, tangu mkanda mweupe unaambiwa ukipiga ngumi ya kulia basi mkono wa kushoto uvute kiunoni kwa nguvu, na mimi miaka yote nilikuwa navuta kwa vile sensei kasema vuta. Sasa Jumamosi moja nimeshika mkono wa gi, yani nguo ya mazoezi, ya mtu, nikauvuta kuja kiunoni, nikaona bega lake linakuja, uzito wote umehamia mguu mmoja, yani nikasimama pale pale. Kumbe ule mkono haurudi mtupu, umeshika mtu! Jumanne nikapiga Heian Shodan, kata ya kwanza kabisa ile (kata ni mfululizo wa mapigo uliopangwa, unaufanya peke yako), nikasikia kila mvuto una uzito.

Wanaosema kuchanganya ni kuharibu waangalie historia yetu wenyewe. Funakoshi, mwanzilishi wa Shotokan, alipotoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka 1922, Jigoro Kano, aliyeanzisha judo 1882, ndo alimwalika aonyeshe karate pale Kodokan, makao makuu ya judo, na gi tunazovaa pamoja na mambo ya mikanda na dan, yani ngazi za mkanda mweusi, tumeyatoa huko huko judo.

Lakini siku za karate usiziguse, hapo nasisitiza. Kabla ya judo niliwahi kwenda boksi ya Thailand miezi mitatu, nikawa naruka Alhamisi, mara na Jumanne nayo, nikijiambia mazoezi si mazoezi tu. Niliporudi, gyaku zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, ya kwanza tu sensei akanisimamisha, akaniuliza kiuno chako kiko wapi? Nilikuwa napiga kwa bega, nimesimama juu juu, na ilinichukua muda mrefu kuliko ile miezi mitatu kukirudisha. Iliniuma sana, ndo maana sasa hata nikitoka judo mwili wote unauma, Jumanne naenda.

Saa hizi niko na kata nyingine, Empi, pale karibu na mwisho kabla ya kuruka na kuzunguka, viganja vimefunguka kimoja juu kimoja chini kama unambeba mtu mabegani. Nimeongea na mwenzangu wa judo, Jumamosi atanipa mwili wake tujaribu polepole kwenye mkeka.