Majibu ya shangazi

Jamani, majibu ya shangazi yametoka leo.

Ile nyama iliyokatwa kwenye uvimbe wa titi ilirudishwa maabara kwa kipimo kingine. Karatasi imejaa maandishi, ila daktari kazungushia kalamu sehemu moja tu: HER2 3+.

Yaani seli za saratani yake zimejaa protini ya HER2, na ipo dawa inayoilenga hiyohiyo: trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani 1998. Mama tuliyekaa naye foleni ana saratani ya titi pia, lakini yake haina HER2 kwa wingi. Dawa hii haimfai.

Kwanza apimwe moyo, maana dawa inaweza kuudhoofisha.

Shangazi kacheka: "Moyo uliowavumilia nyinyi wote, utashindwa na dripu?"

Mliouguza kwa dawa hii, gharama mlizimuduje? Nijibuni hapo chini.