Mbuzi wa Afande na ndulele
Kiangazi kile Nakasongola, Uganda, nyasi zilikwisha kabisa. Kijani kilichobaki malishoni kilikuwa ndulele, kile kichaka chenye miiba na matunda ya sumu ambacho Waganda hukiita entengotengo. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amefyeka ndulele akaacha matawi kando ya zizi. Mbuzi ambao wakati wa mvua hawaugusi mti huo waliyatafuna, matunda mabichi yakiwa bado yameshika.

Jioni majike wawili walikuwa wakidondoka mate, wanaharisha, tumbo limejaa, miguu ya nyuma inayumba.

"Afande, ondoa matawi kwanza," daktari wa mifugo alisema kabla ya kugusa mnyama. Kisha akapima mkaa wa dawa, gramu 60 kwa mbuzi wa kilo 30 hivi (wa jikoni haunasi sumu vya kutosha), akaukoroga kwenye maji na kunywesha kidogo kidogo pembeni mwa mdomo. Kijana aliyeshika pembe akainua kichwa mno. "Shusha! Pua isipite macho." Maji yakiingia mapafuni, mbuzi aliyeponea sumu huuawa na nimonia. Mmoja alikufa usiku ule, na iliniuma sana, maana alikuwa na mimba.

Mama mwenye nyumba akaleta tunda moja. "Daktari, hii si katunkuma?" Akalipasua mbele yetu. Katunkuma, ile inayoliwa, ni ndogo, huzaa kwa vichala, ikiiva ni nyekundu. Hili lilikuwa na upana wa sentimita 3 hivi, kijani lenye michirizi myeupe, kikonyo kina miiba. Likiiva huwa la njano. Bichi ndilo kali zaidi, na kulichemsha hakuondoi sumu yake, solanini.

"Lakini mzizi wake tunatafuna jino likiuma," Afande alisema. Ni kweli, na wako wafugaji wanaogandisha maziwa kwa maji ya tunda, au kupaka maji hayo kwenye choa. Kumeza ndiko kunakonitisha: ukali hutofautiana mti kwa mti, hakuna kipimo cha kuaminika. Mtoto asipewe hata kidogo.

Asubuhi tuliing'oa ndulele iliyobaki. Panga peke yake halisaidii, kwa sababu mizizi huchipua upya. Tulivaa glavu za ngozi, tukachimba kwa jembe hadi mzizi mkuu, tukauanika juani. Matunda yote yaliingia guniani, yakachomwa shimoni mbali na zizi.