Kiganja cha Mfalme Midas

Mchezo wa kwanza wa video wa Tomb Raider ulitoka mwaka 1996, nami niliucheza kwa mara ya kwanza mwaka 2010, nikiwa tayari ni mtu mzima mwenye kazi, katika chumba nilichopanga mtaani Umoja, Nairobi. Jina la Lara Croft, shujaa wa mchezo huo, nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, hata filamu yake ya mwaka 2001 niliiona, lakini mchezo wenyewe haukuwa umenipitia mikononi. Katika vibanda vya gemu vya Eastlands tulilipia muda, na mwenye kibanda alipenda michezo inayokwisha upesi ili wengine wapate zamu. Tulicheza mpira na ngumi. Mchezo wa mtu mmoja anayezunguka pangoni saa nzima akitafuta ufunguo haukuwa na nafasi pale.

Mwaka huo nilinunua mashine ya michezo, PlayStation 2 ya mtumba, kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Alipokuwa akinifungia nyaya, aliniongezea diski ambayo hakuna mteja aliyeitaka. Ilikuwa ya PlayStation ya kwanza, tena nakala halisi, kwa maana upande wake wa chini ulikuwa mweusi tititi, tofauti na diski za kunakiliwa zilizojaa mjini wakati huo. "Hii ni ya zamani sana, kijana wangu," aliniambia, "lakini itasoma." Nilimshukuru, nikaitia mkobani, nikapanda matatu.

Ilisoma. Jioni hiyo Lara aliingia katika mapango ya milima ya Peru, mlango wa mawe ukajifunga nyuma yake, na chumba changu kikajaa ukimya ambao sikuwa nimeutarajia katika mchezo wa video. Muziki wake, uliotungwa na Nathan McCree, hausikiki kila wakati. Unakuja kwa vipande vifupi, pale tu jambo linapotokea au mahali pakubwa panapofunguka mbele yako, kisha unakuachia sauti ya nyayo na ya matone ya maji. Nilipunguza sauti ya redio ya jirani kwa kufunga dirisha, jambo ambalo nisingelifanya kwa ajili ya mechi ya mpira.

Wakati ule nilikuwa nikifanya kazi ya kuchora ramani za nyumba, na pengine ndiyo sababu mchezo huu ulinishika mahali ambapo wengi huuacha. Dunia yake yote imejengwa kwa miraba iliyo sawa. Lara akiruka kutoka alipo amesimama, anavuka pengo la mraba mmoja. Akiruka kwa kukimbia, anavuka miraba miwili. Na akinyoosha mikono ashike ukingo wa ng'ambo, anafika mitatu. Ukitaka kukimbia kwa usahihi, unamsogeza mpaka kwenye ncha ya jiwe kwa kitufe cha kutembea, ambacho hakimruhusu kuanguka, unamrusha nyuma hatua moja, halafu unamwachia. Vijana waliozoea michezo mipya huuona mwendo huu kuwa mzito. Mimi niliuona kuwa wa haki kabisa, kwa sababu kila pengo lilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho hakikubadilika kutoka Peru hadi Misri. Kabla ya kuruka nilikuwa nikikaa nikihesabu miraba ya ukuta kwa kidole juu ya kioo cha televisheni.

Kikwazo kilikuwa cha kuhifadhi safari. Katika toleo la PlayStation, unahifadhi pale tu unapokuta kito cha buluu kinachozunguka hewani, na kito hicho kikitumika kinatoweka. Kadi ya kumbukumbu ya PlayStation 2 nayo haipokei michezo ya mashine ya kwanza. Inahitaji kadi ya zamani, ambayo sikuwa nayo. Niliiacha mashine ikiwaka usiku kucha ili niendelee asubuhi. Jumamosi nikafika kwenye bonde lililosahauliwa, wakaja kwanza dinosaria wadogo wakimbiao, na nyuma yao, huku skrini ikitikisika kwa kila hatua, akatokeza Tyrannosaurus mwenyewe kutoka gizani. Nilimshinda nikiwa nimejibanza katika upenyo wa mwamba. Saa chache baadaye umeme ulikatika mtaa mzima, na bonde lote likapotea pamoja na yote niliyokuwa nimeyapita. Jumatatu, baada ya kazi, nilitafuta kadi ya zamani dukani baada ya duka mpaka nikaipata.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado shule ya upili, alikuja kunitembelea, akakaa kitandani kuniangalia. Tulikuwa tumeshaingia Ugiriki. Tulishuka pamoja ndani ya lile shimo refu la St. Francis' Folly lenye milango ya Neptune, Atlas, Thor na Damocles, na katika chumba cha Damocles alinishika mkono nisiende, kwa kuwa alikuwa ameziona panga zilizoning'inia darini. Kuingia hazikutuletea neno. Zilianza kuanguka tulipokuwa tukirudi na ufunguo.

Kisha tukafika kwenye kasri la Midas. Sanamu kubwa ya mfalme imevunjika, na mkono wake umelala chini, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Kazi ya mchezaji ni kutafuta vipande vitatu vya madini ya risasi na kuviweka juu ya kiganja hicho vigeuke dhahabu. Mdogo wangu alikuwa akikijua kisa cha mfalme huyo, ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, kutoka kitabu cha hadithi cha shuleni. "Kaka," akasema, "hebu msimamishe Lara mwenyewe juu ya mkono." Nikamsimamisha. Dhahabu ilianza miguuni, ikapanda taratibu mwilini, mpaka akawa sanamu inayong'aa, na mchezo ukaishia hapo. Mdogo wangu alipiga makofi kwa furaha kuu. Hapakuwa na maandishi yoyote yaliyotuonya wala kutualika kujaribu. Watu wa Core Design, kampuni iliyoutengeneza mchezo huu kule mji wa Derby nchini Uingereza, walikuwa wametengeneza kifo kile kwa ajili ya mtu atakayekumbuka hadithi ya zamani na kuuliza swali la kitoto, na swali hilo liliulizwa Umoja miaka kumi na minne baadaye.

Tuliumaliza mchezo wote hadi Atlantis, yeye akija kila alipopata likizo. Baadaye nilipata sehemu ya pili, ya mwaka 1997, yenye Ukuta Mkuu wa China na mifereji ya Venice. Toby Gard, aliyembuni Lara, alikuwa ameshaondoka katika kampuni hiyo, nami naona upweke wa mapangoni ulipungua na mapambano dhidi ya binadamu yakaongezeka. Ni mchezo mzuri sana, lakini naendelea kuuweka nyuma ya ule wa kwanza. Mdogo wangu hakubaliani nami hata kidogo: kwake yeye wa pili ndio bora, kwa sababu Venice kuna motaboti, na siku ile padi ilikuwa mikononi mwake.