Siku ya Mvua Kati ya Sarlat na Figeac

Tuliondoka Sarlat saa tatu asubuhi mvua ikinyesha, si ile ya kwetu Tanga inayoshuka kwa kishindo kisha ikakatika, bali manyunyu mazito yasiyo na haraka, ambayo mwenye nyumba tuliyolala alituhakikishia yangeendelea mpaka usiku. Safari yenyewe haikuwa ndefu, kwani kutoka hapo hadi Figeac, kusini magharibi mwa Ufaransa, hata kwa kuzungukia Rocamadour na Padirac, hazifiki kilomita 130. Mdogo wangu, anayeishi Bordeaux na hana leseni, alishika ramani, nami nikashika usukani uliokuwa upande nisiouzoea.

Watu walikuwa wamenionya juu ya kuendesha kulia, lakini hakuna aliyenionya juu ya vijiti viwili vilivyo nyuma ya usukani. Katika magari ya Kijapani tunayoendesha nyumbani, indiketa iko mkono wa kulia na waipa mkono wa kushoto. Huku ni kinyume. Kila nilipotaka kukata kona, waipa zilianza kupiga kioo kama mtu anayefukuza nyuki, na dereva wa nyuma akabaki bila habari ya niendako.

"Kaka, hiyo ni waipa tena," mdogo wangu alisema mara ya tano au ya sita, bila hata kuinua macho kwenye ramani.

Taabu hiyo ilizidishwa na vipilefti, ambavyo Wafaransa wamevijenga karibu kila mlango wa mji. Neno letu hilo lilizaliwa na amri ya Kiingereza ya kubaki kushoto, na ukiitii amri hiyo huko utakutana uso kwa uso na lori. Mvua inaponyesha, sheria hupunguza mwendo wa barabara kuu kutoka kilomita 130 hadi 110 kwa saa, lakini sisi tulikuwa kwenye barabara nyembamba za vijijini, ambako hata 80 niliiona nyingi. Souillac tukauvuka mto Dordogne, uliokuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Rocamadour ni mji uliobandikwa kwenye genge la mwamba, na mandhari yake yanayosifiwa hutazamwa kutoka kijiji cha L'Hospitalet kilicho juu. Tulisimama hapo chini ya mwavuli mmoja tukatazama wingu jeupe. Tuliposhuka na kupanda zile ngazi 216, ambazo mahujaji wa zamani walizipanda kwa magoti, nilikuta ndani ya kanisa dogo la Bikira Maria Mweusi kitu nisichokitarajia mbali hivyo na bahari: vijimashua vya mfano vikining'inia juu, nadhiri za mabaharia waliookoka dhoruba. Husimuliwa kwamba kengele ya chuma ya kanisa hilo ililia yenyewe kila mabaharia walipookolewa. Mtu aliyekulia pwani hapiti hapo upesi, na ndiyo maana tulichelewa.

Kuchelewa katika vijiji vya Ufaransa kuna adhabu yake, kwani saa sita na nusu duka la mkate lilikuwa limekwisha fungwa kwa mapumziko ya mchana. Tulikula ndani ya gari, vioo vikiwa vimejaa ukungu wa pumzi zetu: mkate wa asubuhi na jibini ya mbuzi ya Rocamadour, vijiduara laini vya gramu 35 hivi, ambavyo mdogo wangu alivipaka kwa kadi yake ya basi kwa kuwa hatukuwa na kisu.

Kutoka hapo barabara hupita juu ya uwanda wa Gramat, nchi ya mialoni mifupi na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Kondoo wa huko wana masikio meusi, na weusi mwingine umeyazunguka macho yao kama miwani ya jua, jambo lililowafanya waonekane wenye dharau walivyosimama mvuani wakitutazama. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba baada ya saa nne za mvua sikuona kijito hata kimoja. Mwamba wa chokaa umejaa nyufa, maji huingia yakapotea, na wafugaji wa huko tangu zamani wamelazimika kutengeneza madimbwi ya kunyweshea mifugo. Nilikumbuka Amboni, ambako mwamba wa aina hiyo hiyo umetobolewa na maji ukawa mapango.

Maji hayo tuliyakuta Padirac. Ni shimo lenye upana wa mita 35 hivi na kina cha mita 75, ambalo masimulizi ya huko yanadai kuwa shetani alilifungua kwa kupiga mguu chini. Mwaka 1889 Édouard-Alfred Martel, mchunguzi wa mapango, alishuka na wenzake akakuta mto. Sisi tulishuka kwa ngazi, anga likibaki duara la kijivu juu ya vichwa vyetu, kisha tukapanda mashua bapa iliyosukumwa na mpiga kasia kwenye maji maangavu kiasi kwamba sikujua yanapoanzia. Mbele kuna Ziwa la Mvua, ambako matone hudondoka kutoka dari ya mwamba hata wakati wa kiangazi. Tone moja lilinipata shingoni, baridi kuliko yote ya siku hiyo. Maji hayo hatimaye hutokeza kando ya Dordogne, mto ule ule tuliouvuka asubuhi.

Figeac tulifika jioni. Champollion, aliyesoma maandishi ya Misri ya kale, alizaliwa hapo mwaka 1790, na katika uwanja mmoja imetandazwa chini nakala kubwa ya jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia kuyasoma, nakala ya mawe meusi ya Zimbabwe. Maji yalikuwa yakitiririka ndani ya herufi, mstari kwa mstari.

"Na haya yanakwenda Padirac?" mdogo wangu aliuliza.

Nilimwambia hapana, haya yanaingia mto Célé, kisha tukaenda kutafuta chakula cha moto.