Usiku Niliopiga Kelele za Mwizi

Mwaka 1998 baba alikuwa anaumwa kifua, hivyo zamu ya sungusungu, ulinzi wa usiku wa wananchi wenyewe, ilipofika nyumbani kwetu nikaenda mimi. Nilikuwa na miaka 17. Nilipewa rungu lake na filimbi ya bati iliyofungwa kamba ya kiatu. Tulikuwa watu tisa na tochi mbili, na Ngarenaro yote, mtaani kwetu Arusha, ilikuwa tope la mvua za El Nino.

Kamanda wetu, fundi seremala, alikuwa anamtafuta kijana mmoja aliyesemekana anauza bangi. Tulimkuta nyuma ya kilabu cha pombe, saa kumi alfajiri. Akatoka mbio. Kamanda akanigeukia: "Puliza, dogo! Sema mwizi!"

Nikapuliza. Nikapaza sauti: "Mwizi! Mwizi huyooo!"

Nilijua hajaiba. Kamanda naye alijua. Lakini nani angeacha kitanda chake kwa ajili ya bangi? Wengine walikuwa wateja wake. Kusikia mwizi, milango ikafunguka mtaa mzima, watu wakamiminika na mawe.

Sungusungu lilianzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, kupambana na wezi wa ng'ombe. Sheria ya 1989 ikalipatia mamlaka ya mgambo: kukamata. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Sisi hata kwa mjumbe hatukumfikisha.

Alidondokea mtaroni. Katambuga yake moja ilibaki imenasa kwenye tope, kamba imekatika. Mfukoni walimtoa kete tatu zilizofungwa kwa gazeti. Mtu akafungua moja mbele ya tochi, tukanusa. Ilikuwa bangi kweli. Kwa hiyo sisemi tulimkamata asiye na kosa. Kosa alikuwa nalo, la kete tatu. Mkono wake wa kushoto ulivunjika nikiusikia. Tairi lilikwisha kuletwa, na mtu alikuwa anaulizia mafuta ya taa.

Aliyemwokoa ni mama muuza maandazi, aliyekuwa ameamka kukanda unga. Alimlalia kwa juu, mikono ikiwa bado na donge. "Nianzeni mimi, wanangu." Mawe yakakoma.

Asubuhi nilirudisha filimbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vipi, usiku ulikwendaje?"

"Salama tu."

Akaipokea, akaifuta mate yangu kwa pindo la shuka, akaitundika msumarini.