Nilivyozipata ɨ na ʉ za kuchapia kijitabu cha Kirangi

Kirangi cha Kondoa kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ɨ na ʉ. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea flashi dukani kwangu, stesheneri ya hapa Majengo, Dodoma. Ndani mlikuwa na hadithi na methali alizozichapa miaka ya tisini, akitaka kijitabu. Nilipofungua faili, kila penye ɨ palisomeka q, na penye ʉ palisomeka x. Kɨlaangi, jina la lugha yenyewe, likawa "Kqlaangi".

"Mwanangu, hicho si Kirangi."

"Ni Kirangi, mwalimu, ila kimevaa nguo za wengine."

Faili lilikuwa zima. Waraka hautunzi umbo la herufi, unatunza namba. Fonti ndiyo inayojua namba ipi ichorwe vipi. Fonti za zamani zilikuwa na nafasi 256 tu za kutumia kwa mara moja, kwa hiyo wenye herufi za ziada waliazima nafasi wasizozihitaji, wakachora ɨ mahali pa q. Fonti hiyo isipokuwepo, q inarudi kwake.

Kwenye flashi fonti yenyewe ilikuwemo, kwa faili mbili, .pfb na .pfm. Hiyo ni Type 1, aina iliyoletwa na kampuni ya Adobe mwaka 1984: faili moja lina michoro, jingine lina vipimo vya upana wa kila herufi. Lakini programu za Adobe ziliacha kuitambua Januari 2023, kwa hiyo sikuhangaika nayo. Nikaamua kuhamishia maandishi yote kwenye Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa namba za herufi, ambako ɨ na ʉ zina namba zao wenyewe.

Hapo kuna mtego. Ukibadilisha kila q kuwa ɨ, neno Qurani lililo kwenye utangulizi wa Kiswahili nalo linaharibika. Word inaruhusu kutafuta herufi iliyoandikwa kwa fonti fulani tu, hata kama fonti hiyo haipo kwenye kompyuta. Nilibana utafutaji kwenye ile fonti ya zamani, herufi kubwa mbali na ndogo mbali.

Ikabaki fonti mpya. Wateja wengi huniambia .otf ni bora kuliko .ttf. Mimi sioni hivyo. TrueType ya Apple, yenye faili za .ttf, ilitoka 1991. OpenType ya Microsoft na Adobe, iliyotupa .otf, ikatangazwa 1996, na ilijengwa juu ya TrueType hiyohiyo. Tofauti kubwa iko kwenye mikunjo: kwa kawaida .ttf hukunja mstari kwa nukta moja ya kuuvuta, ilhali .otf huwa na nukta mbili, hivyo mchoraji hupata mkunjo laini kwa nukta chache. Kwenye karatasi huoni kitu. Zote mbili zinaweza kubeba maumbo zaidi ya 65,000, ila kuweza si kuwa nayo: fonti nyingi za mapambo tunazotumia kwenye kadi za harusi hazina hata ʉ moja.

Hapo programu huazima ʉ kutoka fonti nyingine bila kukuambia, na kwenye kichwa cha habari herufi moja inaonekana mgeni. Kwa hiyo kabla ya kuchagua nilifungua orodha ya herufi ya Windows, nikatafuta Ɨ na Ʉ kubwa, maana hizo ndizo hukosekana zaidi. Fonti iitwayo Charis SIL ilikuwa nazo zote, na ni ya bure.

Kwa mtu wa mashine ya kuchapa nilipeleka PDF iliyobeba fonti ndani yake. Wengine hugeuza maandishi kuwa michoro. Ni salama, lakini baadaye huwezi kutafuta neno wala kusahihisha.

Mjukuu wa mwalimu anataka hadithi hizo ziwe pia kwenye tovuti. Huko itatumika WOFF2, fonti ileile iliyobanwa ili ishuke haraka kwenye simu. Usijaribu kuisakinisha kwenye Windows, haitakubali; kwa Word baki na .ttf.