Jinsi nilivyotumia omeprazoli na jinsi nilivyoiacha

Hapa Bukavu omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, si ngeni; mtu mwenye kiungulia huipata kwa urahisi katika maduka ya dawa, iwe Kadutu au Nguba. Ninalotaka kueleza ni saa ya kuimeza na namna ya kuiacha, kwa sababu katika matibabu yangu mambo hayo mawili ndiyo yaliyonipa nafuu, na ndiyo ambayo muuzaji mwenye haraka husahau kuyataja.

Mimi ni mwalimu, na maumivu ya goti yalinifanya nitumie diklofenaki kwa muda mrefu. Baadaye tumbo likaanza kuniuma hapa chini ya kifua, hasa usiku nikiwa na njaa, na nikila lilitulia kidogo. Kaka yangu mkubwa alisema ni mawazo, kama watu wengi wasemavyo kwetu. Daktari alimsikiliza kwa heshima, kisha akatueleza kwamba vidonda vingi vya tumbo vina asili mbili: dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kumkuza katika maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Nilipopimwa kwa fibroskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni, kidonda kilionekana mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na bakteria huyo alikuwepo pia.

Diklofenaki ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Nikaandikiwa omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, amoksisilini na klarithromaisini, zote asubuhi na jioni kwa siku 14. Klarithromaisini iliniachia uchungu mdomoni uliofanya hata sombe lipoteze ladha, lakini niliimaliza, kwa kuwa bakteria aliyepigwa nusu hujifunza kuistahimili dawa.

Kuhusu saa ya kumeza, daktari alichukua kalamu akanichorea. Katika ukuta wa tumbo kuna chembe zenye pampu ndogo sana zinazosukuma asidi, na omeprazoli huishika pampu ile tu inayofanya kazi. Tumbo likiwa tupu, pampu nyingi zimepumzika. Chakula ndicho kinachoziamsha. Dawa yenyewe haikai sana katika damu, maana nusu yake huondoka kwa muda wa saa moja hivi, lakini pampu iliyoshikwa haifunguki tena mpaka mwili utengeneze nyingine, na ndiyo sababu dozi moja hupunguza asidi kwa karibu siku nzima. Kwa hiyo dawa inatakiwa iwe tayari katika damu wakati chakula kinapoingia: imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Mimi niliimeza mara tu nilipoamka, mke wangu akiwa bado anachemsha maji ya chai, na sikugusa mkate mpaka nilipomaliza kuoga na kupanga vitabu vya shule. Kapsuli niliimeza nzima, kwa sababu punje zilizo ndani yake zimefunikwa ili asidi ya tumbo isiiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo, anayezitafuna anaipoteza. Nafuu kamili haikuja siku ya kwanza, kwa kuwa pampu hazishikwi zote mara moja, na nilikuwa nimeonywa nisiongeze dozi kwa kukosa subira.

Kuacha kulikuwa kugumu zaidi. Mtu aliyetumia dawa hii kwa wiki nyingi akiikata ghafla, tumbo huweza kutoa asidi kuliko mwanzo kwa muda fulani, naye hudhani ugonjwa umerudi, akanunua tena, na hivyo anaweza kuendelea miaka bila sababu. Wapo wanaoihitaji kwa muda mrefu, na hao wasiache bila kumwuliza daktari. Lakini matumizi marefu yanaweza kupunguza vitamini B12 na magnesi mwilini, kwa hiyo lazima yawe na sababu inayojulikana. Baada ya zile siku 14 niliendelea na omeprazoli peke yake, na kidonda kilipopona nilipunguza polepole: siku moja nameza, siku moja naacha. Kiungulia kilirudi kweli katika wiki hizo, nami nikakituliza kwa dawa ya kutafuna ya kupunguza asidi. Nilikula bugali wa jioni mapema, angalau saa tatu kabla ya kulala, na nikaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Pilipili niliiondoa kwa sababu mimi iliniwasha. Sidhani kila mgonjwa anapaswa kunyimwa.

Kipimo cha choo cha kuhakikisha kwamba bakteria ameondoka kilifanywa baada ya kukaa wiki mbili bila omeprazoli na zaidi ya wiki nne bila antibiotiki, kwa maana dawa hizo huweza kumficha bakteria na kuleta jibu la uongo. Hakuonekana tena. Goti bado linaniuma nyakati za mvua, nami nalitibu kwa parasetamoli na mazoezi. Daktari ameandika katika daftari langu kwamba nikilazimika kurudia diklofenaki, nipewe pamoja na omeprazoli kwa siku zote nitakazoitumia.